Mkanda wa kupunguza uzito unaofungwa kwenye mfuko wa chakula: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa ajili ya watu wa aina mbili: anayefikiria kufungwa mkanda huu, na aliyekwisha kufungwa, pengine miaka kumi au kumi na tano iliyopita akiwa Uingereza, Ubelgiji, Marekani au Ghuba. Huyu wa pili ndiye anayenishughulisha zaidi. Siku hizi mikanda hii hufungwa kwa nadra, na mwenye nao anaweza kufika hospitali akakutana na daktari ambaye hajawahi kuushika hata mmoja.

Mkanda huu ni kitu gani hasa?

Ni pete ya silikoni inayofungwa kuzunguka sehemu ya juu kabisa ya mfuko wa chakula, chini kidogo ya pale umio unapoingilia. Juu ya pete hubaki kifuko kidogo cha mililita 15 hadi 30, kiasi cha kijiko kimoja au viwili vya mezani. Chini yake ni mfuko wote uliobaki. Hakuna kinachokatwa wala kuondolewa.

Upande wa ndani wa pete una utando mwembamba unaojazwa maji ya chumvi yaliyotakaswa, yaleyale yanayotumika kwenye dripu. Ukijazwa, pete inakaza kwa ndani, kama tyubu ya baiskeli inavyovimba ndani ya tairi. Ukipunguzwa, inalegea. Mrija mwembamba unatoka kwenye pete hadi kwenye kitufe kidogo kilichoshonewa chini ya ngozi ya tumbo, juu ya msuli. Kwa macho huwezi kukiona, lakini ukipapasa utakigusa. Hapo ndipo sindano inapoingilia.

Ndiyo mikanda ile inayouzwa madukani, ya kufunga kiunoni?

Hapana. Ile hubana tumbo kwa nje, ukiivua tumbo linarudi lilivyokuwa. Huu tunaouzungumzia uko ndani ya mwili na hufungwa na daktari mpasuaji.

Na puto je?

Puto ni kitu kingine tena, na wengi Tanzania wanalifahamu kwa sababu Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, imekuwa ikitoa huduma hiyo. Puto huingizwa kupitia mdomoni bila kupasua, hujazwa likiwa ndani ya mfuko wa chakula, hukaa miezi kadhaa kisha hutolewa. Mkanda hukaa nje ya mfuko, unahitaji upasuaji, na haukuwekewa tarehe ya kutolewa. Mtu akikuambia "nimewekwa kitu tumboni nipungue", muulize kwanza ni kipi kati ya hivyo, maana shauri zuri kwa mwenye puto linaweza kumpoteza mwenye mkanda.

Unapunguzaje uzito?

Jibu la haraka ambalo wengi wanalo ni kwamba mkanda unaziba njia, kifuko kinajaa upesi, mtu anashindwa kuendelea kula. Hata wapasuaji waliamini hivyo miaka ya mwanzo. Baadaye watafiti wa Melbourne, Australia, wakiwemo Paul Burton na Paul O'Brien, walifuatilia chakula kinavyopita na picha ikawa tofauti. Mkanda uliokazwa sawasawa hauzuii tonge. Tonge dogo lililotafunwa vizuri linasukumwa na umio mara kadhaa mpaka linapenya lote upande wa pili, na hilo huchukua kama dakika moja. Kila linapopenya, ukuta wa mfuko uliozungukwa na pete unaminywa, na mishipa ya fahamu iliyopo pale, hasa ile ya vagasi kwa wanavyoamini, inapeleka habari ya shibe kwenye ubongo. Mtu anatosheka kwa chakula kidogo, na saa za katikati ya mlo na mlo njaa haimsumbui kama zamani.

Nimekaa kwenye jambo hili kwa sababu matatizo mengi ya mkanda yanatoka kwa kulielewa vibaya. Anayeuchukua kama ukuta anakula mpaka chakula kirundikane juu ya pete, kimuume kifuani, kirudi. Akifanya hivyo miezi na miaka, kifuko kinapanuka, na umio nao unatanuka. Na kwa kuwa kazi yote ya mkanda inategemea tonge kupenya taratibu, kinywaji kinapita moja kwa moja bila kuleta shibe yoyote. Soda, juisi ya kopo, aiskrimu, uji wenye sukari nyingi: vyote vinateremka laini na nguvu zake zote zinaingia mwilini. Kuna watu wamefungwa mkanda, wanatapika ugali, na uzito unapanda. Hawana miujiza wala uzembe wa ajabu. Mkanda wao umekazwa kupita kiasi, chakula kigumu hakipiti, wakahamia kwenye vitu laini vyenye sukari na mafuta.

Nani aliuanzisha?

Miaka ya 1980 wapasuaji wa pande mbili za dunia walifikia wazo linalofanana: Lubomyr Kuzmak, mwenye asili ya Ukraine aliyefanya kazi New Jersey, Marekani, na Dag Hallberg pamoja na Peter Forsell wa Sweden. Mikanda yao ya kwanza ilihitaji kupasua tumbo kwa mkato mrefu. Aliyeuingiza kwa mara ya kwanza kwa mgonjwa kupitia matundu madogo ni Mitiku Belachew, daktari mzaliwa wa Ethiopia, katika mji wa Huy nchini Ubelgiji, mwaka 1993. Sisi wa Afrika Mashariki tungepaswa kulijua jina hilo kuliko tunavyolijua, maana baada ya hatua yake mkanda ulienea Ulaya, Australia na Mashariki ya Kati, na mwaka 2001 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ikauidhinisha.

Upasuaji wenyewe ukoje?

Unalazwa kwa nusukaputi. Mpasuaji anatoboa matundu madogo kadhaa, anapitisha mkanda nyuma ya sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, anaufunga kwa mbele, kisha anashona mfuko kidogo juu ya pete ili isiteleze. Huchukua kama saa moja, na wengi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo utaagizwa kula chakula chenye nguvu kidogo sana. Wengine hulipuuza hili wakidhani ni kupimwa nia. Sababu yake iko kwenye ini: kwa watu wengi wanene ini limejaa mafuta na limefunika mahali pale mpasuaji anapotaka kufika. Wiki mbili za kujizuia hulipunguza, na upasuaji unakuwa salama zaidi.

Baada ya upasuaji ni vimiminika kwa wiki kama mbili, halafu vyakula vilivyopondwa, halafu laini, hadi chakula cha kawaida kuanzia wiki ya tano au ya sita.

Kuujaza kunafanyikaje?

Mkanda hufungwa ukiwa mtupu au na maji kidogo sana. Wiki nne hadi sita baadaye, kidonda kikiwa kimepona, unarudi kliniki kwa mara ya kwanza. Unalala chali, daktari au muuguzi anakipapasa kitufe, anasafisha ngozi, anaingiza sindano maalumu ambayo ncha yake haimegi mpira wa kitufe, na anaongeza maji kidogo, mara nyingi mililita moja au pungufu. Uchungu wake ni wa sindano ya kawaida. Kitufe kikiwa kimezama au kimegeuka, hutumika eksirei au utrasaundi kukitafuta. Kabla hujaondoka unapewa maji unywe. Yasipopita, yaliyoongezwa yanapunguzwa palepale.

Kiasi cha jumla hutegemea aina ya mkanda. Ya zamani ilijaa kwa mililita 4, iliyokuja baadaye huchukua 10 au hata 14. Ndiyo maana kusema "mimi nina mililita tano" hakumwelezi daktari lolote kama hajui ni mkanda gani.

Mwaka wa kwanza watu hurudi kliniki mara nyingi, pengine kila mwezi au mwezi na nusu, hadi kiwango kipatikane, halafu angalau mara moja kwa mwaka maisha yote. Hapa nasema bila kuzunguka: mkanda usio na kliniki ya kuufuatilia ni nusu ya tiba. Pete peke yake, bila mtu wa kuirekebisha, haitakupunguza, na siku ikileta shida hutakuwa na pa kukimbilia.

Nitajuaje kwamba umekaza sawasawa?

Ukiwa umelegea, unaona njaa mapema, sahani yako imerudi kuwa kubwa, na kila chakula kinapita bila habari. Ukiwa sawa, mlo mdogo unakutosha saa kadhaa, unakula vyakula vya aina nyingi, na uzito unashuka nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Ukiwa umekaza kupita kiasi, kuna dalili ambazo watu huzivumilia kwa kudhani ndiyo dawa inafanya kazi: kukwama kwa chakula mara kwa mara, kutapika, kiungulia cha usiku, kukohoa ukilala, kuepuka nyama na mboga. Hizo ni dalili za kurudi kliniki upunguziwe maji.

Ukisikia unabana zaidi asubuhi, au ukiwa kwenye ndege, au siku za karibu na hedhi, hilo hutokea kwa wengi na hupita lenyewe. Chai ya vuguvugu kabla ya kula chochote kigumu husaidia.

Nitaweza kula ugali, chapati, nyama choma?

Hili ndilo swali la kweli, na vipeperushi vya Ulaya havilijibu kwa sababu vimeandikwa kwa watu wa mkate na viazi.

Vyakula vinavyosumbua mwenye mkanda ni vya aina tatu. Kwanza vinavyojikusanya kuwa donge: mkate laini mweupe, chapati, maandazi, na kwa sababu hiyohiyo ugali mgumu na wali ulioshikana. Pili vyenye nyuzi: nyama ya kukauka, mishkaki, embe la nyuzi, mabua ya mboga, nyama ya chungwa pamoja na ngozi yake. Tatu vikavu visivyo na mchuzi, kama kifua cha kuku cha kuchoma.

Haina maana kwamba umeagana na chakula cha kwenu. Samaki wa mchuzi hupita vizuri kuliko karibu kila kitu chenye protini. Maharage yaliyoiva sana, kunde, choroko, dengu, mayai, mtindi, nyama ya kusaga, mchicha uliokatwakatwa vizuri, vyote vinafaa. Ugali uwe laini, tonge lake liwe dogo kuliko ulivyozoea kulifinyanga, liwe na mchuzi, na lije baada ya samaki au maharage, si kabla. Kuna wanaoweza chapati iliyokaushwa vizuri kwenye moto na hawawezi ile laini. Ujaribu kimoja kimoja ukiwa nyumbani umetulia, usijaribu kwenye harusi.

Utaratibu ni huu: tonge dogo, litafune mpaka liwe rojo, meza, subiri kama dakika moja ndipo uchukue jingine. Mlo usizidi dakika 20 hadi 30. Ukiona unaendelea saa nzima, unadonoa tu. Usiteremshe chakula kwa maji; kunywa kabla, au subiri nusu saa baadaye. Achana na vinywaji vyenye gesi.

Kwetu kuna ugumu mwingine: mgeni kuacha chakula kwenye sahani kunaweza kumkwaza mwenyeji, na sinia linalozungukwa na watu lina kasi yake. Mwambie mwenyeji mapema kwamba daktari amekupangia ule kidogo na taratibu, na uombe sahani yako ndogo kando. Huna wajibu wa kueleza zaidi ya hapo.

Chakula kikikwama nifanyeje?

Simama, acha kula, usinywe maji juu yake kwa sababu yatajaa tu na kurudi. Tembea taratibu. Mara nyingi huteremka au hurudi chenyewe pamoja na ute mwingi. Baada ya hapo kunywa vimiminika tu kwa siku nzima, maana pale pameumuka. Kama hata mate hayapiti, au una maumivu makali ya tumbo au kifua, au homa, usingoje asubuhi. Nenda hospitali.

Nitapungua kiasi gani?

Kwa wanaofuatiliwa vizuri, utafiti wa muda mrefu kutoka Australia ulionyesha wagonjwa wakibaki wamepungua karibu nusu ya uzito wao wa ziada hata baada ya miaka 15. Mfano: mtu wa urefu wa sentimita 160 mwenye kilo 110. Kiwango cha juu cha uzito wa kawaida kwa urefu wake ni kilo 64, hivyo ziada ni kilo 46, na nusu yake ni 23. Atafika kwenye kilo 87 hivi, na itamchukua miaka miwili au mitatu. Upasuaji wa kukata mfuko wa chakula na ule wa kubadili njia ya chakula hupunguza zaidi, na kwa haraka zaidi.

Unasaidia kisukari?

Kisukari cha aina ya pili, ndiyo, kwa sababu uzito unapungua. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa Melbourne uliowagawa kwa bahati nasibu watu 60 wenye kisukari kilichogunduliwa karibuni. Baada ya miaka miwili, waliofungwa mkanda 22 kati ya 30 walikuwa hawana tena kisukari kwenye vipimo, dhidi ya 4 kati ya 30 waliotibiwa kwa njia za kawaida. Hao walikuwa wagonjwa wa mapema. Aliyeishi na kisukari miaka 15 asitarajie kiasi hicho. Dawa za kisukari na presha zirekebishwe na daktari uzito unapoanza kushuka, la sivyo sukari inaweza kuanguka ghafla.

Kama ni mzuri hivyo, kwa nini wapasuaji wengi wameuacha?

Kwa sababu miaka ilipopita, mikanda ilianza kurudi chumba cha upasuaji. Mpasuaji wa Brussels, Jacques Himpens, na wenzake walichapisha mwaka 2011 hali ya wagonjwa waliofungwa zaidi ya miaka 12 nyuma: karibu nusu walikuwa wameshatolewa mikanda, na karibu wanne katika kila kumi walikuwa wamepata tatizo kubwa. Marekani, uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 25,000 wa Medicare, bima ya serikali hasa kwa wazee, uliochapishwa 2017 ulikuta karibu mmoja kati ya watano alirudi kupasuliwa.

Matatizo yenyewe ni haya. Mkanda unaweza kuteleza, sehemu ya mfuko ikapanda juu ya pete na kunasa. Unaweza kula ukuta wa mfuko taratibu mpaka ukaingia ndani. Dalili yake huwa ya kimyakimya, shibe inapotea bila sababu au kitufe kinapata usaha miaka baada ya upasuaji. Umio unaweza kutanuka. Mrija hukatika, kitufe huvuja au kugeuka. Kufa kutokana na upasuaji huu ni nadra sana, chini ya mtu mmoja kati ya elfu, na hiyo ndiyo iliyoufanya upendwe. Lakini usalama wa siku ya kwanza haukuwa usalama wa mwaka wa kumi. Kama ningeulizwa na dada yangu leo, nisingemwelekeza huko kwanza.

Nina mkanda na nina mimba. Je?

Mimba na mkanda vinaweza kwenda pamoja, ila inashauriwa kusubiri mwaka mmoja hadi mmoja na nusu baada ya upasuaji. Ukishika mimba, nenda ukalegezwe mapema, hasa kama kichefuchefu ni kikali. Kutapika kwa siku nyingi kunamaliza vitamini B1 mwilini, na ukosefu wake unaweza kuharibu ubongo. Hii ni kwa mwenye mkanda yeyote anayetapika, mjamzito au la: daktari akitaka kukutundikia dripu ya glukosi, mkumbushe utangulie kupewa B1. Sentensi hiyo moja inaweza kukuokoa.

Naweza kufunga Ramadhani?

Miezi ya mwanzo baada ya upasuaji, hapana. Mwili unahitaji maji ya kunywa kidogokidogo mchana kutwa. Baadaye, wengi hufunga. Hatari iko kwenye futari, mtu ana njaa ya siku nzima na mezani kuna muhogo wa nazi, sambusa na kaimati. Anza na tende moja iliyotafunwa vizuri na maji kidogo, kaswali, kisha urudi kwenye mlo kwa utaratibu uleule wa tonge na dakika. Maji yagawe kuanzia baada ya futari hadi daku. Mwenye kisukari azungumze na daktari wake wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Kuhusu hukumu ya kujazwa maji ya mkanda ukiwa umefunga, muulize sheikh wako, au panga miadi kabla au baada ya Ramadhani.

Nilifungwa ughaibuni, sasa nimerudi nyumbani. Nianzie wapi?

Omba hospitali iliyokufunga ikutumie ripoti ya upasuaji, aina na ukubwa wa mkanda, na kiasi cha mwisho cha maji. Weka nakala kwenye simu na nyingine kwa ndugu. Kisha tafuta mpasuaji wa tumbo ukiwa mzima, usingoje dharura. Ulizia pia mapema kama kliniki ina zile sindano maalumu za kitufe. Kama haina, agiza chache uzitunze.

Mwonyeshe daktari maneno haya akiwa hajawahi kuushughulikia: kwenye eksirei ya kawaida mkanda unaonekana, na ukiwa mahali pake umelala mshazari ukielekea bega la kushoto. Ukionekana kama duara lililofunguka, au umelala vingine kabisa, huenda umeteleza. Mgonjwa mwenye mkanda anayetapika kila kitu na kuumwa tumbo, hatua ya kwanza ni kuutoa maji yote kupitia kitufe. Sindano maalumu ikikosekana kabisa katika dharura, sindano nyembamba ya kawaida hutumika. Kitufe kinaweza kuharibika, lakini kitufe hubadilishwa. Maumivu yakiendelea baada ya kutoa maji, mpasuaji aitwe saa hiyohiyo.

Ukitolewa, uzito utarudi?

Kwa wengi, ndiyo, usipofuatwa na tiba nyingine. Mkanda ukishaondoka, ishara ya shibe inaondoka nao, na njaa inarudi ilivyokuwa. Usijilaumu kwa hilo. Unene ni ugonjwa wa kudumu kama presha. Wengine huhamishiwa upasuaji wa aina nyingine, mara nyingi baada ya miezi kadhaa ili makovu yatulie. Wengine hutumia sindano za kupunguza njaa, semaglutaidi na jamaa zake, ambazo siku hizi zinatolewa hata kwa waliobaki na mkanda. Jadili hayo kabla ya siku ya kuutoa.

Nimepewa bei nafuu nje ya nchi, kwenda na kurudi siku tano. Nikubali?

Waulize nani atakujaza wiki ya sita, wapi, na kwa bei gani. Waulize ukipata maumivu usiku wa manane ukiwa Mwanza au Lubumbashi, nani atapokea simu, na gharama ya kuutoa ukiteleza iko juu ya nani. Wasipokuwa na majibu ya maandishi, usipande ndege.